Ng'ombe chotara akizeeka, nyama yake hubaki laini?

Wengi huamini kwamba jike chotara, tuseme wa Boran (mbegu ya ng'ombe wa nyama) na zebu (ng'ombe mwenye nundu) mdogo wa kienyeji, akiondolewa kundini uzeeni bado hutoa nyama laini. Imani hii ina chanzo: chotara huyo huwa na mwili mkubwa, na mzoga wake huwa mzito. Ulaini ni jambo jingine. Umri unavyosonga, tishu zinazoshikanisha misuli hukaza na haziyeyuki upesi chunguni, awe wa mbegu yoyote. Unono nao hutegemea sana malisho ya miezi ya mwisho.

Mnadani, mfunue mdomo. Meno 8 ya mbele yaliyolika na kuachana ni dalili ya ukongwe. Kisha mpapase mbavuni na kwenye shina la mkia: hapo mafuta hujionyesha.