Mchezo Hauanzi na Ujumbe: Dhana Potofu Kuhusu Utunzi wa Tamthilia za Jukwaani

"Ujumbe tunao tayari, mwalimu, kilichobaki ni kuutafutia wahusika." Sentensi hiyo, kwa maneno hayo au yanayokaribiana nayo, nimeisikia kutoka kwa vikundi vya vijana wa Igoma hapa Mwanza, kutoka kwa walimu wa Magu na Misungwi, na kutoka kwa maofisa wa miradi wanaotaka igizo la kuonyeshwa mwaloni, pale wavuvi wanapotia nanga, mwishoni mwa wiki. Kazi yangu ni kusoma miswada ya tamthilia na kuinyoosha pamoja na watunzi wake, na ninapoambiwa hivyo huwa nimekwisha kujua nitakachokikuta katika ukurasa wa mwisho: mtu mwenye cheo anahutubia katikati ya jukwaa, na aliyekuwa mkosaji anatubu. Dhana hii imeharibu miswada mingi kuliko udhaifu wa lugha, na kwa sababu hiyo nitakaa nayo kwa muda mrefu kuliko nyingine.

Ukweli ni kwamba tamthilia imejengwa kwa tendo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipopanga sehemu za tanzia aliweka msuko wa matendo mwanzoni, tabia za wahusika zikafuata, kisha fikra, na maneno yenyewe baada ya hapo. Mhusika anataka kitu. Anazuiwa na mtu mwingine mwenye haja yake ya halali. Analolifanya ili akipate linabadilisha hali kiasi kwamba hawezi tena kurudi pale alipokuwa. Ujumbe ni hukumu ambayo mtazamaji anaitoa mwenyewe baada ya kuona uamuzi huo na gharama yake. Ukimtolea hukumu hiyo kabla hajaifikia, umemnyang'anya kazi iliyomfanya aendelee kutazama.

Chukua muswada wa aina ninayoipokea mara kwa mara, kuhusu uvuvi haramu. Katika onyesho la kwanza Kulwa anatamba kwamba kokoro na nyavu za makila zinampa fedha. Katika la pili, afisa uvuvi anamweleza kwamba zana hizo huzoa samaki wachanga ambao hawajapata kuzaa. Katika la tatu, Kulwa anaomba radhi na wote wanaimba. Yote yanayosemwa ni kweli, lakini hakuna mvuvi wa Kayenze au Igombe asiyeyajua, na hakuna mhusika anayepoteza chochote mbele ya macho yetu. Afisa hana cha kupoteza, na Kulwa anabadilika kwa sababu tu mtunzi amefika ukurasa wa mwisho.

Sasa tumpe Kulwa dada. Mama Kashinje anaanika dagaa, na pia ni mjumbe wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi katika mwalo wao, aliyechaguliwa na wenzake kulinda ziwa. Ada ya mwanawe aliye chuoni hulipwa na Kulwa. Jioni moja anakuta gunia la nyavu za makila nyuma ya chanja zake, na kabla hajaamua la kufanya, mwenyekiti wa BMU anaingia uani. Mama Kashinje anakalia gunia.

MWENYEKITI: Hodi hapa.
MAMA KASHINJE: Karibu, mwenyekiti. Shikamoo.
MWENYEKITI: Marahaba. Leo umepumzika mapema.
MAMA KASHINJE: Miguu, mzee wangu. Dagaa wamenichosha.
MWENYEKITI: Kulwa yupo?
MAMA KASHINJE: Ametoka.
MWENYEKITI: Na Kashinje, chuo wanafungua lini?
MAMA KASHINJE: Jumatatu.
MWENYEKITI: Mungu amsaidie. Basi mimi sikai. Simama unisindikize kidogo, tuongee njiani.

Hakuna aliyetaja samaki wachanga, sheria wala mazingira. Hata hivyo mtazamaji anajua kilichomo ndani ya gunia, anajua Jumatatu ina maana gani kwa mama huyu, na anajua kwamba kwetu mgeni wa heshima hawezi kuachwa aondoke bila kusindikizwa. Tendo la kawaida la adabu limegeuka kuwa hatari. Akisimama, gunia linaonekana. Akikataa, amejitangaza kuwa na jambo. Akisema ukweli, mwanawe anabaki nyumbani na nduguye anakamatwa. Lolote atakalolichagua litazungumzwa na watazamaji njiani wakirudi makwao, na watakayoyasema yatapita kwa mbali hotuba ambayo ningeweza kumwandikia afisa yeyote.

Hapo ndipo watunzi wengi wananijibu kwamba watazamaji wa kawaida hawataelewa wasipofafanuliwa. Jibu hilo linanikera, kwa sababu linawadharau watu wanaoishi kwa kusoma kilichofichwa katika maneno ya wenzao: mkwe, mdai, jirani anayekuja kuomba chumvi akiwa na habari nyingine moyoni. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama, ng'ambo ya mashariki ya ziwa hili hili la Viktoria, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari na kuichapisha mwaka 1963. Katika hotuba ya mazishi ya Kaizari aliyeuawa, rafiki yake Antony haamuru umati uinuke dhidi ya wauaji. Anarudia tena na tena kuwasifu kwa uadilifu, anataja wosia kisha anakataa kuusoma, anateremka na kuonyesha vazi lililotobolewa kwa majambia, na umati wenyewe unafikia uamuzi alioutaka tangu mwanzo. Hiyo ni hotuba, lakini ndani yake kila sentensi inafanya kazi tofauti na ile inayoitamka. Mtunzi akiniuliza kama hotuba zimekatazwa jukwaani, humwelekeza hapo, nikamtaka anionyeshe katika muswada wake hotuba moja inayogeuza jambo.

Ninadhani najua dhana hii imetoka wapi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilienea sana mashuleni, na vizazi kadhaa vya walimu na wanafunzi vilijifunza kupanda jukwaani kwa njia hiyo: asiyejua anabisha, anayejua anamfundisha, na mwishoni wanakubaliana. Ngonjera ni utanzu wenye heshima yake, na vina na mizani vinaubeba mjadala. Anayeandika tamthilia kwa mpango wa ngonjera, kisha akaondoa vina na mizani, amebakiwa na mafundisho yasiyokuwa na wimbo wala tendo.

Wako pia wafadhili, na siwezi kuwapuuza, kwa kuwa wao ndio wanaolipia usafiri na maleba. Wanataka ujumbe usikike. Jibu lilikwisha kupatikana katika mkoa huu huu, kijijini Malya wilayani Kwimba, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walifanya kazi na wanakijiji kuhusu mambo yaliyowasumbua wenyewe, likiwamo tatizo la wasichana wa shule kupata mimba. Tatizo lilitafitiwa pamoja na wanakijiji, likachezwa, kisha likajadiliwa hadharani baada ya onyesho. Takwimu, sheria na ushauri vina mahali pake pazuri katika majadiliano hayo. Ninavishauri vikundi vyote viombe muda wa majadiliano katika bajeti, na kuuacha mchezo uishie pale swali linapouma.

Anayedhani kwamba uzito wa mada unatosha kuwashikilia watu aende akatazame mashindano ya ngoma za Wasukuma, ya Bagika na Bagalu, ambamo pande mbili hucheza kwa wakati mmoja na watazamaji huhama kufuata upande unaowavutia. Wingi wao ndio unaomtambulisha mshindi. Igizo la mwaloni linachezwa mbele ya hadhira ya namna hiyo hiyo, isiyokatiwa tiketi wala kufungiwa mlango, na yenye kazi zake za kurudia.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi.

Wapo wanaoamini kuwa mgogoro ni ugomvi, na kwa hiyo wanajaza kurasa kwa matusi na vibao. Katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji iliyochapishwa mwaka 1969, uzito mkubwa wa sehemu ya mwisho uko gerezani, ambako mtu aliyefungwa anatakiwa tu atangaze kuwa maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe ameyatilia shaka, na bado anakataa, kwa sababu anajua neno hilo litatumiwa kuwahukumu wale waliopigana na wale watakaokuja. Hakuna haja ya kelele pale ambapo neno moja lina gharama kubwa kiasi hicho.

Wengine wanashikilia kwamba hadithi lazima ianze mwanzo: utoto, shule, ndoa, ndipo tatizo. Sophocles, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, aliianza habari ya Oedipus, mfalme aliyemuua baba yake bila kumjua, wakati tauni imekwisha kuingia Thebes na mauaji yamekwisha kutokea miaka mingi nyuma, na kilichobaki kwa jukwaa ni ugunduzi. Kata maonyesho yako mawili ya kwanza, uone kama kuna anayeyakosa. Katika miswada mingi ninayoisoma, mchezo huanzia onyesho la tatu.

Runinga nayo imewafundisha vijana kuandika maonyesho arobaini ya nusu ukurasa: ofisini, ndani ya daladala, kivukoni, hospitalini Bugando, ofisini tena. Kamera huruka, jukwaani kila uhamisho unadai watu wabebe viti gizani huku taharuki ikipoa. Watu watatu waliolazimika kubaki chumba kimoja wana nguvu kuliko mahali kumi. Ikiwa safari ya Ukerewe haiepukiki, benchi moja, miili inayoyumba kwa pamoja na mtu anayeshika mtoto wake kwa nguvu vitaleta dhoruba ya ziwa bila mashine yoyote.

Maelekezo ya jukwaa nayo huandikwa kana kwamba ni riwaya: "Anakumbuka jinsi marehemu babake alivyompenda." Mtazamaji wa safu ya nyuma ataonaje kumbukumbu? Mpe mhusika koti la baba alilolikataa katika onyesho la kwanza, na sasa alivae. Maelekezo yaandikwe kwa vitenzi ambavyo mwigizaji anaweza kuvitenda.

Mwisho ni imani kwamba muswada ukishachapwa umekamilika. Muswada hupimwa kwa midomo ya watu wasioutunga, na mtunzi akiwa amekaa kimya, bila kuruhusiwa kueleza alichokusudia. Mwigizaji akikwama mara kwa mara mahali pale pale, usiilaumu kumbukumbu yake: ama sentensi ni ndefu kuliko pumzi yake, ama mhusika hana sababu ya kuisema. Ya kwanza igawe, ya pili ifute, kisha someni tena tangu mwanzo wa onyesho hilo.