Kaunti ikitafuta kampuni ya malipo: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Nimekaa idara ya mapato ya kaunti moja huku Pwani miaka kadhaa, na kila tenda ya mfumo wa malipo ikitoka nasikia maneno yaleyale, kwa mabosi, kwa wenye vibanda, hadi kwa jamaa wa mauzo wenyewe.

Wanasema: mwenye komisheni ndogo ndiye nafuu.

Hapa ndipo tunapigwa sana. Asilimia 4 ya kila malipo inasikika kitu kidogo mpaka ushike kalkuleta. Mtu wa paking akilipa 200 kampuni inapata bob 8, sawa, sina neno. Sasa aje mwenye ploti kulipa kodi ya ardhi 80,000, kampuni inaondoka na 3,200, na kazi iliyofanyika ni ileile, meseji imetoka kwa simu ikaenda benki, hakuna aliyezibeba hizo pesa kwa mkokoteni! Kwa hivyo uliza ada ya kila muamala, uliza kama ina kikomo, halafu uliza nani anailipa, manake hata Paybill ya M-Pesa, ile namba ya kulipia, ina mipango tofauti, kuna ule mwananchi anakatwa zote, kuna ule mwenye Paybill anazibeba, na kuna wa kugawana. Mkiacha hapo wazi, mama mboga wa soko la Kongowea ndiye atalipia.

Wanasema: pesa zikipitia kwa simu wizi umeisha.

Wapi. Mkusanyaji bado anaweza kumwambia dereva wa lori la vitunguu "leta mia tano tuachane na risiti" na mfumo hautajua kama kuna lori lilipita. Mfumo unaona kilicholipwa tu.

Na kuna hii nyingine ambayo si wizi lakini inaudhi vilevile. Asubuhi moja alikuja mama ofisini amefura, gari lake limefungwa mnyororo na meseji ya malipo anayo kwa simu, anatuonyesha. Kuangalia, kwa namba ya gari aliandika D mahali pa B. Pesa iliingia, ila ikaenda kukaa kwa kapu la malipo yasiyo na mwenyewe, na kwa kimashine cha kanjo, askari wa kaunti, gari linasoma halijalipiwa. Siku mbili tunatafuta mtu wa kampuni wa kuirekebisha, na mama yuko kwa matatu. Kupatanisha hesabu za namna hii ndiyo kazi yenyewe, lakini kwa demo, siku kampuni inapokuja kuonyesha mfumo wake, hawakuonyeshi, utaonyeshwa grafu za rangi rangi.

Wanasema: pesa zikilala kwa akaunti ya kampuni siku mbili tatu si neno.

Ni neno, tena kubwa. Katiba ya 2010 kifungu cha 207 inataka mapato ya kaunti yaingie Mfuko wa Mapato ya Kaunti, na kuzitoa humo lazima Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Paybill na akaunti ya kukusanyia ziwe kwa jina la kaunti, kampuni ilete invoisi ilipwe kama wengine, isijikatie njiani.

Wanasema: mfumo tumeshanunua, data ni yetu.

Soma mkataba tena, polepole. Nairobi ilianza na JamboPay 2014, 2019 mkataba ukaisha, na ndivyo inavyokuwa, kampuni huja na huenda ila ploti na madeni yake yanabaki palepale. Sasa siku ya kuachana rejista iko wapi, inatolewa kwa faili gani, ndani ya siku ngapi, na nani anagharamia? Haya yaandikwe kabla ya kusaini, ukishasaini unaomba tu. Pia kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, namba za simu za watu wetu si za kampuni kutumia matangazo ya mikopo.

Wanasema: lazima iwe na app.

Si lazima. Mwenye kabambe, simu ndogo isiyo na app, anabonyeza nyota na reli (* na #), analipa, anaendelea na biashara yake.

Mimi siku ya demo nina ujanja mmoja. Naomba nilipe shilingi 10 hapo hapo kwa simu yangu, na namba ya akaunti naikosea makusudi. Halafu nakaa kimya nione nani atapiga simu kwa nani, na ile kumi itapatikana saa ngapi.