Kiwanda cha ndege kikifungwa, ndege zake hazifi nacho
Wengi wanaamini kampuni ya kutengeneza ndege ndogo ikifungwa basi ndege zake ndo mwisho, haziruhusiwi kuruka tena. Inaeleweka, maana Marekani ilitengeneza ndege ndogo zaidi ya 17,000 mwaka 1978 na mwaka 1994 hazikufika hata 1,000, yaani biashara ilianguka vibaya. Ila cheti cha aina ya ndege (kibali rasmi cha muundo wa modeli fulani) ni mali, kinauzwa kama shamba, kampuni nyingine inakinunua inaendelea kutoa spea, ndo maana ndege za miaka ya 1940 bado zinaruka. Kinachoamua kama ndege iruke ni ukaguzi na matengenezo (spea adimu zinasumbua kweli, hilo sibishi). Ukitaka kuhakiki soma modeli kwenye kibati cha ndege, kisha tafuta data za cheti chake kwenye tovuti ya mamlaka ya usafiri wa anga iliyokitoa, utaona mmiliki wa sasa.