Ruta pepe ni nini, na inakaaje ndani ya haipavaiza?

Ruta pepe ni ruta isiyo na kisanduku chake. Ni programu kama OPNsense, pfSense au VyOS iliyosakinishwa kwenye mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta halisi), na mashine hiyo inaendeshwa na haipavaiza, yaani programu ya kuendesha mashine pepe, kama Proxmox VE au ESXi. Kazi ni zilezile: kupitisha pakiti, NAT (vifaa vingi kutumia anwani moja ya intaneti), kugawa anwani kwa DHCP, kuchuja trafiki. Viini 2 vya prosesa, RAM ya GB 2 na diski ya GB 16 huitosha kwa mtandao mdogo.

Kinachobadilika ni njia ya waya. Chukua kompyuta yenye matundu mawili ya mtandao inayotumia Proxmox. Kila tundu huundiwa daraja, yaani swichi pepe: vmbr0 kwa mtandao wa ndani, vmbr1 kwa modemu. Ruta hupewa kadi mbili pepe, moja kwa kila daraja. Ukiwa na tundu moja tu, utahitaji VLAN (mitandao tofauti ndani ya waya mmoja) na swichi inayoelewa 802.1Q, kiwango cha VLAN.

Hapa ndipo wengi huteleza. Usiipe kompyuta mwenyeji, yaani ile inayoendesha haipavaiza, anwani ya IP kwenye vmbr1, la sivyo ukurasa wa kusimamia haipavaiza utakuwa nje ya ulinzi wa ruta, ukitazamana na intaneti. Anwani yake ikae vmbr0, nayo uiandike mwenyewe. Ikitegemea DHCP ya ruta, siku ruta ikigoma kuwaka hutakuwa na njia ya kuifikia uitengeneze, labda uunganishe skrini na kibodi.

Hitilafu moja inasumbua sana: ping inajibu, lakini kurasa hazifunguki. Kadi pepe za aina ya virtio huahirisha hesabu ya checksum (namba ya kukagua kama pakiti ni nzima), kwa hiyo pakiti za mashine pepe zilizo kwenye mwenyeji yuleyule huweza kuifikia ruta inayotumia mfumo endeshi wa FreeBSD, kama pfSense, hesabu ikiwa haijakamilika, kisha zikatupwa njiani. Dawa ni kuzima "hardware checksum offload" kwenye mipangilio ya ruta, kisha kuiwasha upya.

Iweke ruta iwe ya kwanza kuwaka kila mwenyeji anapowashwa, na kumbuka kwamba mwenyeji akizimwa, intaneti ya wote imezimika.

Unaweza pia kuikabidhi ruta kadi halisi moja kwa moja, mradi prosesa na ubao mama vina VT-d (ya Intel) au AMD-Vi (ya AMD), uwezo wa kuikabidhi mashine pepe kifaa halisi, na umeiwezesha kwenye BIOS. Suala la virtio linaisha, ila hutaweza tena kuihamishia ruta kwenye seva nyingine ikiwa inaendelea kufanya kazi.