Bega Linapogoma: Lipimwe Kabla ya Kuchuliwa

Kati ya viungo vyote ninavyovishughulikia hapa Tanga kama mtaalamu wa fiziotherapia, bega ndilo linalochuliwa sana na kupimwa kidogo. Mvuvi wa Sahare, kuli wa bandarini na mama anayekuna nazi kila siku huja na lalamiko moja, ilhali maradhi yao hutofautiana na tiba ya mmoja yaweza kumdhuru mwenzake.

Bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini kwa sababu kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kishimo kifupi cha kombe la bega, kama embe juu ya kisahani, na kinachokizuia kisiteleze ni utando wa kiungo pamoja na kano za misuli minne. Kwa hiyo humwomba mgonjwa ainue mkono mwenyewe, kisha nauinua mimi naye ameulegeza. Akishindwa yeye nami nikafaulu, nashuku kano iliyochanika, au mshipa wa fahamu ulioumia. Maumivu yakimjia mkono unapopita kati ya nyuzi 60 na 120, mara nyingi kano za juu zimechoshwa na kazi za kuinua mikono au kuvuta nyavu. Tukishindwa sote wawili, hasa kuuzungusha mkono kwenda nje kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, yaelekea bega limeganda, yaani utando wa kiungo umekakamaa. Eksirei huonyesha mifupa, si kano. Anayeniambia kwamba picha yake ni safi bado hajanijibu kama kano zake ni nzima.

Bega kuganda huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari kuliko wengine, nalo huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kulegea. Kulivuta kwa nguvu huzidisha maumivu. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, husaidia mwanzoni, ila hupandisha sukari kwa siku kadhaa, jambo ambalo mwenye kisukari anapaswa kuambiwa kabla ya kuchomwa.

Kano zilizochoka hazihitaji kulazwa kitandani. Napunguza mzigo, kisha natoa mazoezi ya kuvuta kipande cha mpira wa baiskeli, ambacho naona kinafaa sawa na vifaa vya dukani, kwa wiki 12 hivi. Aliyeanguka ghafla akashindwa kuinua mkono ni habari nyingine: huyo amwone daktari wa upasuaji mapema.

Bega lililoteguka, ambalo kwa kawaida huchomoka kuelekea mbele, lisirudishwe na wachuaji, kwani huenda mfupa umevunjika au mshipa wa fahamu umebanwa. Mkono ufungwe kwa kanga shingoni, mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile. Vijana wa chini ya miaka 20 huteguka tena mara nyingi, kwa hiyo mazoezi baada ya hapo si hiari.

Na anayeumwa bega la kushoto huku kifua kikibana na jasho likimtoka, huyo simpimi bega. Nampeleka chumba cha dharura.