Bloku nne kwa mechi hazinitoshi

Juzi tena mzazi kaniletea klipu za mpira wa kikapu za dakika tatu kwenye simu. Bloku (mtupo wa mpinzani unaozuiwa hewani), bloku, dunki, bloku. "Kocha, kijana ana mita 2.13, yuko mwaka wa pili chuoni, anapiga bloku nne kila mechi. Ulinzi hana tatizo, wewe mtazame ushambuliaji tu." Maneno hayo hayo, karibu neno kwa neno, nimeyasikia mara ngapi sijui.

Dhana: senta, yule mrefu wa karibu na ringi, mwenye bloku nyingi ni mlinzi mzuri.

Ukweli: bloku nyingi zinanionyesha kwamba ana mikono mirefu na anapenda kuruka. Klipu huwa hazina zile mara alizoruka akakosa. Akiruka kuufuata mtupo wa mtu mwingine, mtu wake anabaki peke yake chini ya ringi, anaokota ribaundi (mpira uliokosa kuingia) na kufunga bila jasho. Kwenye takwimu, makosa hayo hayaandikwi popote karibu na jina la senta. Halafu kuna ile bloku ya kuupeleka mpira jukwaani. Watu wanasimama kushangilia, na wapinzani wanaurusha tena kutoka pembeni. Bill Russell, senta wa zamani wa Boston Celtics, alijulikana kwa kuugusa mpira kidogo ukabaki uwanjani, wenzake wakaondoka nao. Bloku ya namna hiyo naiandika kwenye daftari.

Tena kanuni zenyewe zinambeba senta wa chuo. Katika mpira wa vyuo Marekani hakuna sekunde tatu za ulinzi (kanuni inayomkataza mlinzi kukaa chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu), kwa hiyo mrefu anaweza kupiga kambi chini ya ringi mpaka wapinzani wamfuate. NBA, ligi ya kulipwa ya huko, inamfukuza hapo tangu msimu wa 2001-02. Anayemtathmini kijana kwa ajili ya ngazi ya juu akasahau jambo hili, anahesabu bloku ambazo kesho hazitakuwepo.

Mimi nikitazama video nafunika nusu ya juu ya kompyuta kwa karatasi. Mikono siioni, naona miguu tu. Skrini inawekwa juu, yaani mshambuliaji mmoja anasimama kumziba mlinzi wa mwenzake, na mwenye mpira anashuka kwa kasi. Je, senta amekunja magoti, anarudi kinyumenyume kwa hatua fupi huku akimchelewesha mwenye mpira, bila kumwacha yule aliyeweka skrini atoroke kuelekea kikapuni? Au amesimama wima, na akipitwa anageuka mzimamzima kama lango la bati? Wa pili huyo ndiye atakayenyoosha mkono kwa kuchelewa na kupewa faulo. Chuoni faulo ni tano kwa dakika 40. Akiwa na mbili kabla ya mapumziko, makocha wengi wanamkalisha benchi, na urefu wake wote unakaa naye. Ninayemtaka anaruka wima, mikono juu, kifua kinapokea mgongano, na mpinzani anakosa. Haandikiwi bloku. Amelinda.

Hasheem Thabeet, Mtanzania wa mita 2.21, alikuwa na wastani wa bloku zaidi ya nne pale Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) msimu wa 2008-09, na Memphis ya NBA wakamchukua wa pili kwenye drafti ya 2009, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Lakini Februari mwaka huohuo DeJuan Blair wa chuo cha Pittsburgh, mfupi kwake kwa takriban sentimita 20, alimpindua sakafuni waking'ang'ania mpira, akamaliza mechi na pointi 22 na ribaundi 23. Blair alikuwa na makalio chini na miguu mipana, basi. Ndiyo maana vijana wangu warefu wanaruka kamba dakika kumi kila siku kabla ya kugusa mpira. Wananuna. Wanune.

Dhana: ribaundi huja zenyewe kwa mrefu. Haziji. Dennis Rodman wa mita 2.01 aliongoza NBA kwa ribaundi misimu saba mfululizo. Kwanza mgongo kwa mpinzani, umsukume nje, ndipo utazame mpira uko wapi. Warefu wengi hufanya kinyume.

Dhana: viganja vikubwa haviwezi mitupo huru. Yao Ming alikuwa na mita 2.29 na alitia zaidi ya asilimia 83 katika maisha yake ya NBA. Kisingizio hiki sikijadili tena.

Dhana: senta wa kisasa asiye na pointi tatu hana kazi. Zach Edey wa chuo cha Purdue, mita 2.24, alitajwa mchezaji bora wa vyuo 2023 na 2024 akifanya karibu kila kitu hatua mbili kutoka ringi, na bado akachaguliwa wa tisa kwenye drafti ya NBA. Mtupo wa mbali ni nyongeza nzuri kwa anayejua tayari kushika pasi mbaya kwa mikono miwili bila kuushusha mpira kiunoni. Akiushusha, walinzi wafupi watamnyang'anya tu, hata angekuwa na mita tatu.

Mzazi nimemwomba mechi moja nzima, na iwe ile ambayo kijana alitolewa kwa faulo. Ameniambia atatafuta.