Mbwa wa nyuma ya waya si yule utakayeishi naye

Mwezi wa pili alinijia baba mmoja wa Kisauni aliyetaka mbwa wa kulinda nyumba. Alikuwa ametoka kwenye kituo cha kuhifadhi mbwa waliotupwa, na tayari ameshachagua: dume wa rangi ya kahawia aliyekuwa akiparamia waya na kubweka mpaka sauti ikamkauka. "Daktari, huyu ndiye mkali," aliniambia. Nilimwomba asitie saini ya kumchukua moja kwa moja. Amlee kwa muda, wiki sita, mbwa akiwa bado ni wa kituo, kisha aamue.

Natibu mbwa hapa Mombasa, na kosa ninaloliona kila mara ni hilo la kumchagua mbwa kwa jinsi alivyo nyuma ya waya. Kituo ni mahali pa kelele. Mmoja akibweka, wote wanamwitikia. Kuna harufu ya wagonjwa, wageni wasioisha, chakula cha kugombania, usingizi wa mang'amung'amu. Anayebweka sana huko mara nyingi ana hofu au amechoshwa na kufungiwa. Ukali wa kulinda ni kitu kingine, nao huja baada ya mbwa kujua kwao ni wapi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima mbwa 207 wa vituo vitano. Walipopelekwa kulala kwenye nyumba za watu kwa siku moja au mbili, kotisoli, yaani homoni ya msongo, ilishuka mwilini mwao. Waliporudishwa kituoni ikapanda tena hadi pale ilipokuwa.

Lakini siku mbili hazikutoshi wewe unayetaka kuamua. Siku za mwanzo mbwa hujikunja chini ya meza, hagusi chakula mpaka watu walale, hatoi sauti. Watu hufurahi: "Ana adabu kweli!" Ni woga huo. Karibu na wiki ya tatu ndipo anapoanza kukimbilia getini, kubeba kiatu cha mtoto, kunguruma mtu akikaribia bakuli lake. Hapo simu yangu huanza kulia, naambiwa mbwa ameharibika. Hajaharibika. Ndiyo kwanza amefika.

Na kuna upole ambao ni ugonjwa. Hili naomba mlisome taratibu. Joto na unyevu wa Pwani hutupa kupe mwaka mzima, na kupe wa mbwa anaweza kuzaliana ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta na nyuma ya pazia, bila kuhitaji majani ya nje. Hao ndio waletao homa ya kupe: mbwa anakosa hamu ya kula, fizi zinapauka, wakati mwingine damu inamtoka puani. Mama mmoja wa Tudor alipewa jike mtulivu mno, akakubaliwa kumlea kwanza kwa sababu ana paka watatu. Yule mbwa aliwatazama paka kama hawapo. Wiki ya pili mama akaniletea, nikainua mdomo, fizi nyeupe. Tukampa doksisaiklini kwa wiki nne. Damu ilipomrudia, ikarudi na tabia yake: akachimba bustani, akaruka ukuta, akamkimbiza paka mkubwa hadi juu ya mwembe. Alikuwa mbwa mzuri kabisa, ila nyumba haikuwa yake. Mama alimrudisha akilia, na kuna jirani aliyemwambia ameshindwa. Neno hilo lilinikera sana. Bila mama huyo kuangalia kwa makini, yule jike angefia kituoni akisifiwa kwa utulivu. Leo yuko Mtwapa kwenye kiwanja kikubwa kisicho na paka.

Basi kabla mbwa hajatoka kituoni, uliza amepata chanjo ya kichaa cha mbwa lini (hutolewa kuanzia umri wa miezi 3), dawa ya minyoo na ya kupe, na kama amehasiwa. Mwandikiane nani atalipa akiugua na utampigia nani usiku. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kila mbwa anayechanjwa ni hatua. Akikuuma, hata kama amechanjwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaoishi kwenye fleti wazungumze na mwenye nyumba mapema, kabla hata ya kwenda kituoni. Nimeona mbwa wakirudishwa siku ya nne kwa sababu hiyo tu.

Mimi nimekulia Mji wa Kale, kwenye nyumba ambayo mbwa hakuvuka kizingiti, kwa hiyo nawaelewa Waislamu wenzangu wanaoniuliza kwa sauti ya chini. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunaosha mara saba palipoguswa na mate ya mbwa, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ana ruhusa yake. Kinachobaki ni mpango wa nyumba: banda liwe uani upande gani, bakuli lake lisichanganywe na vyombo vingine, nani atamshika, bibi atapita wapi akienda kutawadha. Mambo haya hayajulikani kwa kuyazungumza sebuleni. Wiki sita za kulea zinawaonyesha wote wa nyumbani, na anayekataa anapata nafasi ya kusema kabla mbwa hajazoea.

Yule dume wa Kisauni alilala siku tisa, karibu mchana kutwa. Baba akadhani amepewa kibovu. Wiki ya nne akaanza kuitikia adhana ya alfajiri kwa mlio mrefu, akawa anawasindikiza watoto hadi kona ya madrasa. Mgeni akibisha hodi, anabweka mara mbili kisha anamtazama mwenyewe. Akimwona mtu ameshika rungu, anajificha nyuma ya tangi la maji akitetemeka, na hilo kwa mlinzi si dogo. Nimemwonyesha baba jinsi ya kumzoesha, rungu likiwa chini kwa mbali, kipande cha dagaa mkononi, kila siku hatua moja mbele. Wiki sita zimekwisha juzi. Jana amenitumia ujumbe akiomba kituo kimwongezee wiki mbili, nacho kimekubali.